Mtani Asiyeshika Jembe

Barua ya wiki

Shikamoo Bibi,

Nakusoma siku nyingi lakini sikudhani iko siku nitakuandikia. Mimi ni Mngoni wa Songea, nina miaka 36, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tunatoa mizigo ya watu bandarini, na kazi hiyo ukiifanya bila kucheka utapata presha kabla hujapata mshahara. Kwa hiyo pale ofisini mchekeshaji ni mimi. Mtu akistaafu nasherehesha mimi, akirudi likizo lazima apite mezani kwangu achukue dozi yake.

Kitengo cha nyaraka tuna dada mmoja, Mhehe wa Iringa. Siku aliyojua mimi ni Mngoni ndiyo siku tuliyoanza. Unajua mwenyewe Bibi, Wangoni na Wahehe ni watani, makabila yenye ruhusa ya jadi ya kuchokozana, hatukuyaanzisha sisi. Nikipita na chai ataniambia, "Watu waliomkimbia Chaka wa Wazulu mpaka soli zikaisha, leo wanatembea kwa maringo." Mimi nitamuuliza mbwa wa jirani yao yuko wapi, mbona siku hizi habweki, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Akija amechoka namuuliza ulanzi wa jana, ile pombe ya mianzi, ulikuwa lita ngapi. Miaka minne tumekwenda hivyo na hakuna aliyemnunia mwenzake.

Wiki tatu zilizopita, kwenye kikao cha Jumatatu, kulikuwa na kesi ya kontena. Limelala bandarini siku sita zaidi kwa sababu hati moja ilichelewa kuingizwa kwenye mfumo, na gharama ya kulala inahesabiwa kwa siku. Meneja alikuwa amefura, anamsema dada yule mbele ya watu kumi na moja pamoja na mgeni wa kutoka Nairobi, mwakilishi wa mteja. Chumba kizima kimya. Nikaona nipooze. Nikasema, "Meneja, taratibu, huyo Mhehe. Ukimgombeza hivyo kesho tunachanga rambirambi."

Unajua Wahehe wanavyotaniwa, kwamba wakiudhiwa hujinyonga. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Meneja mwenyewe alicheka, akashusha sauti, kikao kikaendelea. Dada naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Mchana kijana mmoja akatuma kibonzo cha kamba kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, nami nikaweka vicheko vitatu.

Kumbe. Desemba dada yule alifiwa na mdogo wake wa kiume. Sisi tuliambiwa amefariki ghafla. Nilituma elfu kumi kwa mweka hazina, nikaandika "Pole sana" kwenye grupu kama wenzangu. Hakuna aliyesema kijana alikufaje. Sasa ndiyo tunaambiwa alijitoa uhai mwenyewe.

Kesho yake hakuja kazini. Alhamisi alikuja, salamu yangu hakuitika. Ijumaa iliyopita nimekabidhiwa barua ya kujieleza, kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa "kauli za kudhalilisha kwa misingi ya kabila". Majibu yanatakiwa Ijumaa hii.

Nimechanganyikiwa Bibi. Kwanza sikujua. Halafu huu ni utani wa jadi, si matusi. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kwetu hata msibani watani wanatania. Babu yangu alipofariki walimwigiza anavyokohoa, wakajilaza njiani jeneza lisipite mpaka walipwe, na hakuna aliyewaandikia barua ya kujieleza. Kama maiti inataniwa ikiwa pale pale ndani ya sanduku, kosa langu mimi ni lipi?

Wenzangu wanasema ofisi zimekuwa za kizungu na watu wamekuwa laini. Wengine wanasema nimpelekee kuku yaishe, ndiyo adabu ya mtani. Wapo pia wanaosema ni wivu wa cheo, maana tangu Februari mimi ndiye msimamizi wa kitengo chake, na zamani alikuwa ananijibu vizuri tu, siku hizi anacheka lakini hajibu. Mgeni wa Nairobi naye alinifuata kwenye ngazi akaniuliza, "Kwani nyinyi huongea hivyo kwa ofisi?" Nikamwambia hii ni Tanzania.

Nimekosa wapi? Na kuanzia sasa nitajuaje utani gani unafaa kazini na gani haufai, au nikae kimya kama nguzo ya umeme?

Mngoni wa Tabata

Bibi anajibu

Marahaba mjukuu wangu. Bibi na mjukuu ni watani, Mnyamwezi na Mngoni ni watani vilevile, kwa hiyo nina vibali viwili vya kukusema. Umekosa. Nakuambia mapema ili usisome barua hii ukitafuta dirisha la kutokea.

Hilo la kutojua nakukubalia. Familia nyingi zikipatwa na msiba wa namna ile hutangaza "amefariki ghafla" na kufunga mdomo. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu hata kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, majirani wananong'ona, na mzazi anaogopa hata sala ya maziko itakuwaje. Usingeweza kujua. Lakini tazama ulichojua: ulijua amefiwa na mdogo wake miezi michache tu iliyopita, na ukachagua kutania kifo. Hata kama kijana angeondoka kwa malaria, neno "rambirambi" lilikuwa bado halijapoa masikioni mwa dada yake.

Umeniandikia mara mbili kwamba alicheka, kana kwamba kicheko ni sahihi yake chini ya hati. Ngoja nikusimulie aibu yangu mwenyewe, ambayo wanangu hawaijui.

Nilifanya kazi ya utumishi miaka 26 kwenye shirika moja la umma. Tulikuwa na mlinzi, Mgogo wa Dodoma, na Wagogo ni watani zetu sisi Wanyamwezi. Asubuhi moja akagonga mlango wa ofisi yangu. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Mgogo akigonga mlango, ujue bakuli liko mgongoni." Alicheka sana, mpaka akashika fremu ya mlango. Nikamuuliza shida yake. Akasema, "Hapana bosi, nilipita kukusalimia tu." Akatoka. Jioni dereva ndiye aliyeniambia kwamba mtoto wa yule mlinzi alikuwa amelazwa tangu juzi, na baba mtu alikuja kuomba advansi. Nilikuwa nimemkatia njia kwa mzaha kabla hajaitaja shida yake. Angeniombaje tena, baada ya mimi kumwambia kwamba kuomba ndiyo kabila lake? Advansi nilimpelekea mwenyewe getini usiku ule. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakunitania tena mpaka nilipostaafu.

Mtu wa chini yako akicheka, huwezi kujua anacheka nini. Na wewe tangu Februari una mtu chini yako. Umeniandikia kwa mkono wako, "siku hizi anacheka lakini hajibu," ukaiita wivu. Mimi naisoma vingine. Utani wenu ulikwisha siku ile uliyopewa cheo, na wewe peke yako ndiye ambaye hukupata taarifa. Zamani akikwambia habari za Chaka ulikuwa mwenzake wa meza ya pili. Leo wewe ndiye unayesaini likizo yake na kumjazia fomu ya tathmini. Akikurushia la Chaka mbele ya meneja atakuwa amemvunjia heshima msimamizi. Ukimrushia wewe la mbwa utakuwa umechangamsha kikao. Utani ni wa kujibizana. Unaotoka upande mmoja tu una majina yake, na Kiswahili hakina uchoyo hapo: kejeli, dhihaka, kebehi, kashfa. Chagua.

Waangalie Simba na Yanga, ambao nchi nzima inawaita watani wa jadi. Mwanayanga atakwambia habari za tano kwa moja za Novemba 2023 mpaka ukimbie kijiweni. Lakini Mwanasimba ana zake mfukoni, tano bila za Mei 2012, na wazee wakichokozwa watakutolea sita bila za 1977. Kila mmoja ana ghala lake na mechi ijayo iko njiani. Ndiyo maana watu hawachoki. Sasa niambie, dada yule Jumatatu ile alikuwa na risasi gani mkononi? Amesimama anagombezwa kwa kosa la kazi, meneja mbele yake, msimamizi pembeni, mgeni anatazama.

Nije kwenye hoja yako ya msibani, maana ndiyo yenye uzito, na nimeona umeiandika kwa uchungu.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Alitoka Tabora kijana, akazeekea Buguruni, akafia Buguruni mwaka 1987. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mzaramo, mkwezi wa minazi. Siku ya maziko, wanawake tumejaa ndani, mama hajasema neno tangu usiku wala hajatia kitu mdomoni. Mara tunasikia hodi. Anaingia mzee yule, amevaa koti la reli la baba lenye vifungo vya shaba, anachechemea mguu wa kushoto kama baba alivyokuwa akichechemea. Akasimama katikati ya waombolezaji akasema, "Wanyamwezi hawa! Amekuja pwani na mzigo kichwani, leo anaondoka hata kapu hana, na nauli kanikopa mimi."

Mama alicheka. Sauti ilimtoka kama mtu aliyepaliwa, kisha kicheko kikageuka kilio, kile kilio ambacho kilikuwa kimegoma kutoka tangu usiku. Baada ya hapo alikunywa uji.

Ulichokiona wewe kwa babu yako ni kukohoa na kujilaza njiani. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani chini, na nilichokiona ni miguu ya mzee yule. Mchanga wa kaburi ulikuwa umemganda mpaka juu ya vifundo. Alikuwa makaburini tangu alfajiri anachimba. Wanawake hatuendi kuzika, lakini kaka yangu alinisimulia kwamba aliyeshuka mwanandani kumpokea baba alikuwa yeye. Ndiye aliyekwenda kuazima masufuria, ndiye aliyelala nje kwenye jamvi mpaka matanga yalipoanuliwa. Baada ya wiki akaleta lile koti, limefuliwa na kupigwa pasi. Mama akamwambia akae nalo.

Ruhusa ya kutania msibani hulipiwa, mjukuu wangu, na hulipwa kwa jembe. Hata hizo pesa walizodai watani njiani kwa babu yako ulidhani ni za nini? Hao ndio waliochimba, waliochota maji, walioosha mwili wakati ninyi wenye msiba mmeishiwa nguvu. Wewe ulitoa elfu kumi kwa mweka hazina na maneno mawili kwenye grupu. Sikudharau, ndivyo mjini tunavyozikana siku hizi. Lakini hukwenda Iringa. Hukushika jembe wala ndoo, hukulala kwenye jamvi la mtu. Halafu Jumatatu ukaja kudai haki ya mkwezi wa minazi.

Utani wenyewe ndiko ulikotoka huko. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi miwili au mitatu njiani. Kabla ya kuiona bahari walipita Uzaramo wakiwa wamechoka, wengine wagonjwa, wengine wakifa. Mtu wa kukupa maji na kukuzika huko ugenini alikuwa mtani. Akikutukana huku anakupa maji, utamnunia? Na ninyi Wangoni na Wahehe mlipigana miaka ya 1870 mpaka 1880 na kitu, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na mwisho mkaona heri mtaniane. Hayo ya mbwa na Chaka ni mikuki iliyotolewa chuma, ukabaki mpini wa kuchezea. Ulichosema wewe kikaoni chuma kilikuwa bado kimo.

Najua utani wa Wahehe na kujiua ni wa zamani, kuna wanaoupeleka hadi kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejipiga risasi Julai 1898 Wajerumani wasimkamate hai. Nenda Kalenga, karibu na Iringa, ukaone fuvu lake, lilirudishwa 1954, uone wenyeji wanavyolitazama. Hawacheki. Na kwa kuwa tumefika kwenye kamba, hebu nikuulize wewe. Tarehe 27 Februari kila mwaka Songea mnakumbuka nini? Mwaka 1906, siku hiyo, Wajerumani waliwanyonga wazee wenu zaidi ya 60 kwa ajili ya vita vya Majimaji, na baada ya siku chache Nduna, yaani mkuu wa vita, Songea Mbano naye akanyongwa. Mimi ni mtani wako. Je, nikusimamishe mbele ya wageni wa ofisi nikutanie kwa kamba hiyo? Kibali ninacho. Umeona mwili ulivyosisimka? Sasa ondoa miaka mia na ushee, weka miezi michache, na badala ya nduna weka mdogo wako uliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Kuhusu ofisi kuwa za kizungu. Wanaokwambia hivyo wanajifanya wanatetea mila huku hawazijui. Kitabu cha kanuni cha ofisi yako kina kurasa chache. Mila ina makatazo chungu nzima. Unaweza kutaniana na babu, na shemeji, na mtoto wa mjomba au shangazi. Na mkwe je? Ukweni hata kiti hukalii ovyo. Ukisikia mama mkwe anapita unahama njia, na mtani wako akikukuta hapo anajua kufunga mdomo, atakusubiri nje. Kikao cha Jumatatu chenye meneja na mgeni wa mteja ni ukweni. Chai ya saa nne ni ubarazani. Ungemwambia yule dada habari za ulanzi kwenye chai, mkiwa wawili wa ngazi moja, nisingekuwa nakuandikia leo.

Na huyo wa Nairobi usimjibu tena kwamba hii ni Tanzania. Ni kweli ni Tanzania, lakini yeye ametoka mahali ambapo jina la kabila likitajwa kwa sauti ya juu watu hutazama mlango. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa kwao zaidi ya watu 1,100, na maneno ya kabila kwa kabila yalikuwa yametangulia mbele ya mapanga. Mwaka uliofuata wakatunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa pamoja na tume yake. Kenya wana wachekeshaji wanaojaza ukumbi kwa lafudhi za makabila, kwa hiyo si kwamba hawajui kucheka. Yule aliona mtu anasemwa kabila lake na kufa kwake, katikati ya kugombezwa kazini, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba Mngoni na Mhehe wana mkataba. Mtu wa tatu chumbani hajasaini mkataba wenu. Hata wale kumi na mmoja, sidhani wote wanajua.

Sheria nayo haijui utani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataja kabila na mahali mtu anakotoka miongoni mwa mambo ambayo mfanyakazi hatakiwi kubaguliwa kwayo, na kinahesabu unyanyasaji kwa misingi hiyo kuwa ubaguzi. Ofisa wenu hakukurupuka alipoandika maneno yale.

Unauliza nitajuaje. Siwezi kukupa rula, maana na mimi nilikuwa na miaka 26 ya utumishi na bado nilimfungia Mgogo wa watu mlango. Ninachoweza kukwambia ni ninavyofanya sasa. Nikitaka kumtania mtu namtazama kwanza yuko katika hali gani: anagombezwa, anaomba, anangoja majibu ya hospitali? Basi namwacha. Kifo, ugonjwa, kukosa mtoto, umbo la mtu, ndoa iliyovunjika, hivyo siviingilii hata kwa mtani wa damu, labda yeye aanze, na akianza nacheka kidogo tu halafu namsikiliza. Na ukiwa na cheo, jitanie mwenyewe. Una Chaka, una soli zilizoisha, una mali nyingi tu ya kuuza. Jumatatu ile ungesema, "Meneja, hati ilipita mezani kwangu mimi msimamizi, na sisi Wangoni tulikimbia tangu kwa Chaka, kukaa mezani hatujazoea," watu wangecheka, hasira ingeshuka, na dada angepumua. Isitoshe ingekuwa kweli, maana hati ya kitengo chako ikichelewa na wewe umechelewa. Hilo sijaona umelitaja kwenye barua yako.

Sasa la kufanya. Kuku usipeleke. Kuku ni wa watani wanaojuana wamepatana, na ninyi kwa sasa mna shauri mezani. Ukienda kwake na kuku watasema umekwenda kumshawishi afute malalamiko, na huenda na yeye ataona hivyo. Usimtume shangazi wa mtu wala mchungaji. Usimwandikie usiku kwenye simu. Mwambie ofisa rasilimali watu kwamba ungependa kumwomba radhi, aulizwe kama yuko tayari kukusikiliza na nani awepo. Akikataa, amekataa, na ni haki yake. Akikubali, nenda na maneno machache: nilitania kifo mbele ya watu wewe ukiwa huna pa kujibia, nimekosa. Usimweleze habari za mila. Usimwambie "kama nilikukwaza". Usimwulize mdogo wake alikuwaje, asipoanza yeye. Na usilie pale ukamfanya yeye akubembeleze, nimewaona wanaume wa namna hiyo.

Kwenye lile grupu futa vicheko vyako, kisha uandike mstari mmoja kwamba kile kibonzo hakikufaa na wewe hukufaa kukichekea. Kijana aliyekituma mwite pembeni umwambie yeye mwenyewe. Wewe ni msimamizi, hiyo ni kazi yako.

Barua ya kujieleza isizidi ukurasa mmoja. Utani wa jadi unaweza kuutaja kwa sentensi moja ili waelewe ulikotokea, usiufanye wakili wako. Eleza kwamba hukujua sababu ya kifo, lakini ulijua kuna kifo. Eleza kwamba tangu Februari wewe ni msimamizi wake na hukubadilika. Omba kama inawezekana tathmini yake ya mwaka huu ifanywe na mtu mwingine, hilo litamsaidia kuliko radhi zote. Adhabu ikija ya onyo, pokea, saini, rudi mezani.

Anza kuiandika leo, usingoje Alhamisi usiku. Na mstari wa kwanza uwe maneno yale yale uliyoyasema kikaoni, kama yalivyotoka, bila kuyalainisha. Ukiyasoma kwenye karatasi na mkono ukasita, endelea kuandika.